Formoli ya Mtu Aliye Hai

Mke wangu alikuwa anauza viazi katika soko dogo la Mususa, hapa Butembo. Viazi vilitoka Lubero kwa magari ya asubuhi, na vilipofika vilikuwa bado na baridi ya kule juu. Alivichagua kwa mkono: vikubwa huku, vidogo huku, na vile vilivyokatwa na jembe aliviweka pembeni, vya kula nyumbani. Miaka kumi na tisa tulikula viazi vilivyokatwa na jembe. Sikumbuki kama niliwahi kulalamika. Natumaini sikulalamika.

Uvimbe aliuona mwenyewe, kwenye titi la kushoto, akiwa anaoga. Mimi hakuniambia. Alimwambia mama yake, na mama yake akamtwangia majani, wakaendelea hivyo kwa miezi. Nilijua siku aliposhindwa kuinua gunia. Alilishika kwa mkono wa kulia tu, na wa kushoto ukabaki umebana mbavu kama wa mtu mwenye baridi. Nilimuuliza kuna nini. Akaniambia, “Iko kitu hapa. Usipige kelele.”

Sikupiga kelele. Tulienda hospitali.

Daktari wa upasuaji alikuwa mtu mwenye haraka lakini si mkali. Aliniita kwenye ukumbi, mke wangu akiwa bado anavaa nguo, akanieleza kwa Kiswahili chetu cha huku.

“Baba, nitasema wazi. Hii inafanana kansere. Tutatoa titi yote, lakini haitoshe. Kansere iko na aina mingi. Tutatuma kipande ku labo ya Beni, kwenye banapima bipande. Ile labo njo ya hospitali zote: sisi, Lubero, Kasugho, Beni yenyewe. Iko moja tu. Kule batakikausha ndani ya nta, batakikata kama karatasi, batatuma picha yake kwa daktari mwenye anajua kusoma. Yeye iko mbali, anasomea batu bote.”

Nikamuuliza, na wakishasoma?

“Kuko vidonge ya mradi moja ya kansere. Ya bure. Biko Beni, ndani ya kabati moja, bya hospitali zote. Aina moja ya kansere inasikia ile dawa, ingine haisikie. Basi, kama hatuna jibu, hatuna dawa. Unasikia? Jibu kwanza.”

Nilisikia. Nataka mwenye kusoma haya ajue kwamba nilielewa tangu siku ile. Kila kitu kilitegemea kile kipande na lile jibu. Nisingeweza kusema baadaye kwamba sikuambiwa.

Kabla ya upasuaji alikuja mama mmoja wa ule mradi na karatasi. Alimweleza mke wangu kwamba kipande kikishasomwa kitabaki kidogo, na kama anakubali, hicho kidogo kitawekwa Beni pamoja na vya wagonjwa wengine, ili madaktari wa hospitali zote wajifunze ugonjwa huu unavyofanya kwa watu wa kwetu. Alisema hivyo polepole, akituangalia, maana tangu wakati wa Ebola watu wa hapa hawapendi kusikia neno la kipande cha mwili. Wengine walikuwa wakisema hospitali inauza viungo. Mama mkwe wangu alikuwa mmoja wao. Alikaa pale kwenye kitanda cha jirani, akageuza uso dirishani.

Mke wangu akacheka. “Miaka yote banasema muganga ananyanganya batu nyama. Leo mimi nabapa mwenyewe, tena na sinyatire.”

Mama wa mradi akacheka naye. “Mama, uko na haki ya kukatala.”

“Nikatale ya nini? Nitakipika?”

Akatia jina lake. Aliandika vizuri kuliko mimi.

Siku ya upasuaji muuguzi alitoka mlangoni akiwa na orodha. Vitu vingi nilikuwa nimekwisha kuvileta: glavu, nyuzi, pamba. Akaniambia kimebaki kimoja. Chupa za kuwekea vipande zinatoka Beni zikiwa tayari na maji yake, kwa sababu labo ndiyo inayochanganya maji hayo katika bidoni moja, dumu kubwa, na kuzigawia hospitali zote. Lakini barabara ya Beni ilikuwa imefungwa na wapiganaji tangu juma lililopita, na chupa zetu zilikuwa bado Beni.

“Utafute formoli,” akasema. “Kikombe moja inatosha, nyama ifunikwe. Ku farmasia, ao ku morgi. Fanya mbio, daktari iko karibu kuanza.”

Kwetu kila mtu anajua formoli. Ni maji wanayotia katika maiti ili ingoje ndugu walioko Kinshasa au Kampala. Sijawahi kusikia mtu akiinunua kwa kazi nyingine. Ukitafuta formoli, umefiwa. Na mke wangu alikuwa amelala kwenye meza, hai, amefungwa kitambaa kichwani.

Nilienda farmasia ya kwanza, karibu na barabara kubwa. Kulikuwa na wateja watano au sita. Nilijaribu kuongea chini.

“Formoli?” yule mama muuzaji akasema kwa sauti yake yote. “Nani alikufa, baba?”

Wote waligeuka. Mwanamke mmoja ambaye hununua viazi kwa mke wangu alikwisha kuweka mkono kinywani.

“Hakuna,” nikasema. “Naulizaka tu.”

“Hatuna. Uende ku morgi. Pole sana.”

Nikatoka na ile pole yake.

Morgi, nyumba ya maiti, iko nyuma ya hospitali, ukishuka. Mimi ni seremala. Natengeneza vitanda, milango, na masanduku ya maiti pia, kwa hiyo mlinzi wa pale ananijua. Aliponiona aliinuka kutoka kwenye kiti chake.

“Fundi! Leo unaleta sanduku ya nani? Ao umekuja kupima mutu?”

Ndiyo mzaha wake wa kila siku. Siku nyingine namjibu kwamba nimekuja kumpima yeye. Siku ile nilisimama mbele yake, na neno lilikuwa kinywani: nipatie formoli kikombe kimoja, ni ya mke wangu. Nilisikia jinsi lingetoka. Ni ya mke wangu. Niliona kama nikilisema pale mlangoni, nimekwisha kumleta.

“Hapana,” nikasema, “nilikuwa napita.”

“Upite muzuri, fundi. Hapa batu bote banapitaka.”

Nikarudi kule juu nikikimbia. Nilisoma miaka miwili tu ya sekondari, Lubero, kwa mapadri. Katika darasa kulikuwa na chupa yenye nyoka ndani yake, na mwalimu alituambia kwamba yale maji ni alkoli na ndiyo yanayomzuia nyoka kuoza. Katika masomo yale yote ya viumbe, hilo ndilo lililobaki kichwani mwangu. Nikaingia farmasia nyingine, nikaomba alkoli. Walikuwa na chupa moja ndogo ya mwisho. Niliimimina katika chupa ya mdomo mpana aliyonipa muuguzi, nikaona haifiki nusu. Muuguzi alisema kikombe kizima, na nyama ifunikwe. Basi nikaongeza maji. Yalikuwa maji yaliyochemshwa, ya kunywa, kutoka kwa mama mmoja aliyekuwa akimwuguza mtoto wake uani mwa hospitali. Nilimshukuru. Aliniuliza ni ya dawa, nikamwambia ndiyo.

Muuguzi alifungua mlango kidogo, glavu zake zikiwa na damu.

“Ni formoli?”

“Ndiyo.”

Alichukua chupa. Hakuinusa, alikuwa amefunika pua na kinywa. Baadaye niliiona juu ya meza yake ikiwa na karatasi iliyobandikwa: jina la mke wangu, hospitali, tarehe, na chini yake, kwa mwandiko mzuri, *formol*. Uongo wangu ulikuwa umeandikwa na mtu mwingine.

Barabara haikufunguka siku ile wala juma lile. Chupa zenye vipande zilikaa ndani ya sanduku katika labo ndogo ya hospitali yetu, ile ya kupima damu, zikingoja. Siku ya tisa nilimpeleka mke wangu kusafishwa kidonda, na alipokuwa ndani mimi nilipita mbele ya kile chumba. Mlango ulikuwa wazi. Sanduku lilikuwa wazi pia, kwa sababu mtu wa labo alikuwa anazipanga chupa ndani yake. Zilikuwa nne. Tatu zilikuwa za kabla ya chupa kuisha, na maji yake yalikuwa maangavu, unaona ndani. Ya nne, ile yangu, ilikuwa na maji mazito kama yale ya kuoshea mchele.

“Baba, unatafuta nani?” mtu wa labo akauliza.

Ningeweza kusema. Sikujua kama bado kulikuwa na la kufanya, lakini yeye angejua. Kidonda kilikuwa bado kibichi, daktari alikuwepo, pengine wangechukua kipande kingine siku ile ile. Nilikuwa na nafasi, na mtu mwenyewe alikuwa ananiangalia.

“Hakuna mutu,” nikasema. “Nangojea bibi yangu.”

Nikaenda kukaa kwenye benchi. Mke wangu alipotoka alinikuta nimeshika kofia yangu kwa mikono miwili, akaniuliza kama mimi ndiye niliyesafishwa kidonda.

Sanduku liliondoka siku chache baadaye. Mke wangu alirudi sokoni, akikaa tu na kuelekeza kwa mkono wa kulia. Simu aliiweka katikati ya viazi, juu ya kitambaa. Ilipolia wauzaji wenzake walinyamaza wote.

“Ni labo?” mmoja akauliza.

“Ni deni,” mke wangu akajibu. “Labo hainiitake. Jibu yangu iko inapanda mulima na miguu.”

Waliangua kicheko. Jirani yake mwuza maharage alimwambia jibu lake linakuja kama bwana harusi, limekwenda kwanza kunyoa. Nilikuwa nimesimama na mbao begani nikasikia haya, nikapita upande mwingine.

Jumapili aliwaombea katika misa watu wa barabara. Aliwaombea madereva, akaomba wapiganaji waache watu wapite, na sanduku lisipotee. Aliomba kwa sauti, na watu wakajibu. Mimi nilijibu pamoja nao.

Jibu lilifika juma la sita. Daktari alituita wote wawili. Alisema kipande kilikuwa kimeoza kabla ya kufika kwenye nta, hakisomeki. Alisema labda ni joto, au ni kule kukaa sana. Alikuwa amekasirika, lakini si kwetu. Alikasirikia barabara.

“Tutakata kingine,” akasema. “Kwapani kuko tezi mupya. Sasa chupa ziko.”

Mke wangu aliniangalia. Nilifikiri ameujua uongo wangu. Kumbe alikuwa ananiangalia kunipa moyo. “Hapana kuhuzunika,” akaniambia. “Ni barabara. Barabara haijue mutu.”

Kisha daktari akaona afadhali tuende Beni wenyewe, wakate pale pale karibu na labo, bila kungoja sanduku. Barabara ilikuwa wazi siku zile. Tulienda kwa taksi, yeye ameegemea bega langu, na kila shimo alilihesabu kwa pumzi. Nilijua njiani kwamba pumzi yake si ile ya zamani. Beni walimpiga picha ya kifua, wakaona maji upande wa kushoto. Daktari wa pale alikuwa kijana mpole. Alisema hawezi kukata leo. Watoe maji kwanza, apate nguvu, kisha wataona.

“Ile vidonge biko hapa?” mke wangu akauliza.

“Biko, mama.”

“Basi munipatiye. Kama si ya aina yangu, bitaniua mara mbili?”

Kijana aliinamisha kichwa. “Mama, mimi ningekupatia. Lakini kila kifuko kiko na namba ya mutu mwenye jibu. Nikifungua bila jibu, mradi watafunga kabati. Na kuko bamama bengine wenye banatumia.”

Mke wangu akageukia ukuta. Kijana alisema atarudi jioni, hakumjibu. Kesho yake alimsalimia, hakumjibu. Mke wangu hakumsalimia mpaka tulipoondoka. Nilimwona yule daktari anavyopita mbele ya kitanda haraka, macho chini, na nilijua hana kosa lolote. Mwenye kosa alikuwa amekaa kwenye kigoda, anammenyea mke wake chungwa.

Tulikaa Beni siku kumi na moja. Maji yalitoka, yakarudi. Hawakukata. Alipoomba kurudi nyumbani, tulirudi.

Mara nyingi nilitaka kumwambia. Nilikuwa na saa nyingi za kumwambia, alasiri nzima nzima, mvua ikinyesha juu ya mabati, yeye macho. Lakini kila siku alikuwa anailaumu barabara, na kuilaumu barabara kulimsaidia kidogo. Angalau ndivyo nilivyojiambia. Sasa naona kwamba kulinisaidia mimi.

Alikufa siku ya Jumatatu, mchana, mama yake akiwa amemshika miguu. Kaka yake mkubwa alikuwa Kasugho, msituni, na ilibidi kumngojea. Basi wakampeleka morgi, na formoli ikapatikana kwa muda mfupi kuliko ninaotumia kuandika mstari huu. Yule mlinzi alisimama, akavua kofia. Sanduku alilitengeneza seremala mwenzangu wa jirani. Nilimpa mbao zangu.

Baada ya miezi miwili walinipigia simu kutoka Beni. Walikuwa na karatasi ya mke wangu, ile aliyotia sinyatire, na sheria yao inataka wawaulize jamaa wa marehemu kama bado wanakubali. Nilipanda taksi peke yangu.

Labo ile ni vyumba vitatu tu. Dada anayefanya kazi pale alinionyesha, labda kwa sababu aliona nimechoka na hakujua aniambie nini. Kulikuwa na kabati lenye droo nyembamba, na katika droo vipande vya nta vimepangwa kama sabuni ndogo, kila kimoja na namba. Butembo, Lubero, Kasugho, Beni. Alisema kila hospitali inaleta vyake na kila hospitali inaweza kuvitumia.

“Na ya bibi yangu?”

Alifungua droo ya chini kabisa. Pale kulikuwa na vioo vyembamba vya darubini, si nta. “Hii ni ya kufundishia,” akasema. “Bauguzi wakikuya kujifunza, tunabaonyesha kipande chenye kimeharibika kinafanana namna gani. Kama baba hapendi, nitakitoa.”

Nilimwambia kibaki. Akanipa karatasi nitie jina langu. Juu yake kulikuwa na maelezo ya kipande, na mstari mmoja ulisema: *maji yaliyotumika: formol*.

“Hapa si kweli,” nikasema.

Nilimweleza yote. Farmasia, mlinzi, chupa ndogo, maji ya yule mama, na zile chupa nne. Hakunikatiza. Nilipomaliza alichukua kalamu, akakata lile neno kwa mstari mmoja, akaandika juu yake *alkoli na maji*, kisha akaniomba niweke jina langu pembeni ya masahihisho. Kwake ilikuwa kazi.

Nikamuuliza, kama ningeleta formoli, angepona?

“Sijui, baba. Kingesomeka. Ile tu njo najua.”

Nikangoja aongeze kitu. Akaniambia si mimi peke yangu, kuna wengine wanaleta katika chumvi, wengine katika mafuta, mmoja alileta katika chupa tupu kwa sababu hakuthubutu kumwuliza mtu. Aliniambia hivi kunifariji. Nilifikiria hao wengine njia yote ya kurudi, na hawakunifariji.

Sikuenda kwangu moja kwa moja. Nilipita kwa mama mkwe. Kwetu mwanaume hasemi na mama mkwe mambo mengi. Unasalimia, unakaa mbali kidogo, unaleta ulichokileta. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Nilikaa karibu na mlango, nikamwambia kwa Kinande, lugha yetu ya nyumbani, yale niliyoyasema Beni. Ilikuwa vigumu zaidi kwa Kinande. Hakuna neno la kujifichia.

Alichambua mpaka habari yangu ilipofika kwenye mlango wa morgi. Hapo mikono yake ilisimama.

“Ulifika mpaka pale?” akauliza.

“Nilifika, mama.”

“Ukarudi.”

“Nikarudi.”

Aliangalia maharage. Sikuthubutu kuangalia uso wake. Nilidhani atanifukuza, na nilikuwa tayari kufukuzwa. Pengine ndiyo sababu nilikuja.

“Mimi nilikuwa uani mwa hospitali,” akasema. “Nimekaa kwenye jiwe, asubuhi yote. Ungeniambia. Mimi ningeenda. Nimezika watoto watano; ningeogopa nini pale?”

Kisha akaurudia ungo wake, akaendelea kuchambua. Nilibaki pale mlangoni. Hakuniambia niende, wala hakuniambia nisogee.